Gari la Moshi Lililoshinda Safari Bila Reli

Uliza gereji yoyote ya Industrial Area magari yaliyotamba kwenye Safari Rally ya zamani, utatajiwa Peugeot 404, Datsun 240Z na Volvo PV544 ya Joginder Singh. DKW, gari la Kijerumani, haitajwi kabisa. Lakini mwaka 1956, mashindano yakiwa bado yanaitwa Coronation Safari, mshindi alikuwa Eric Cecil, mmoja wa walioyaasisi, akiwa na Tony Vickers ndani ya DKW Sonderklasse. Silinda 3, sisi (cc) 896, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na injini ya mipigo miwili kama ya pawasoo. Moshi wa bluu, bila shaka.

DKW waliliuza kwa jina la 3=6, na hesabu yao haikuwa ya ujanja. Injini ya mipigo minne huwasha kila silinda mara moja kwa mizunguko miwili; ya mipigo miwili huwasha kila mzunguko. Kwa hiyo silinda 3 hulipuka mara nyingi sawa na 6 za kawaida. Valvu hakuna, kemshafti hakuna, pampu ya oili hakuna. Hata pampu ya maji hakuna: maji moto hupanda yenyewe kwenda kwenye rejeta, yaliyopoa yakashuka. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Maji yakipungua hadi chini ya mdomo wa paipu ya juu, mzunguko hausuisui, unakata kabisa. Kila silinda ina koili yake na pointi zake za kuwashia plagi, na kila seti hupangiwa taimingi peke yake. Kazi ya kuchosha, ila koili moja ikifa utafika nyumbani kwa silinda mbili.

Oili huchanganywa na petroli. Kutegemea umri wa injini, uwiano ni kati ya 1:25 na 1:40; kwa lita 30 za petroli, hiyo ni lita 1.2 au robo tatu ya lita. Tumia oili ya mipigo miwili, usimimine 20W-50 iliyobaki kwenye Probox. Ikoroge kwanza na lita tatu nne za petroli kwenye mtungi, ndipo umimine. Ukiitia oili peke yake asubuhi ya baridi kule Timau, itazama chini ya tangi, na kabureta itaanza kwa kunywa oili tupu. Plagi zote tatu zitalowa kabla hujatoka getini.

Sasa mwinuko, na hili ndilo linalowashinda wanaofufua magari haya Nairobi. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini yenye nguvu za farasi 38 pwani hubaki na 31 hivi hapa. Petroli nayo inazidi hewa, plagi zinashika masizi, gari linakohoa. Fundi anaweka jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, gari linapona, kila mtu anafurahi. Kisha mwenyewe anateremka Mombasa na jeti hiyohiyo. Hewa inaongezeka, petroli haitoshi, moto unazidi. Injini ya kawaida ingelalamika tu. Hii hupata oili kupitia petroli, hivyo petroli ikipungua, oili imepungua pia. Pistoni inashika au inatoboka, mara nyingi kwenye mteremko mrefu huku dereva akidhani gari halijawahi kwenda vizuri hivyo. Mimi ningefunga jeti ya pwani, nivumilie kikohozi cha Limuru, na nibebe plagi sita za akiba.

Mteremko una hatari nyingine. Ukiachilia pedeli ya mafuta huku gia imeshika, injini inazunguka kwa kasi bila kupata oili. Ndiyo sababu gari lina friwili, ileile ya baiskeli: ukiachilia, injini inajitenga na magurudumu na kubaki ikizunguka polepole, kwenye sailensa. Gharama yake ni breki. Kuteremka Mai Mahiu kwa breki za drum tupu ni kuzipika. Ukifunga friwili ili injini isaidie kuzuia, gusa mafuta kidogo kila baada ya sekunde chache ili pistoni ilainike.

Saab 96 ya sisi 841 ilitoka ukoo huohuo. Pat Moss, dada yake Stirling Moss wa Formula One, alimaliza Safari nayo akiwa wa tatu mwaka 1962; Erik Carlsson akawa wa pili 1964. Carlsson anajulikana zaidi kwa kisa cha kukwama topeni na kulibingirisha gari, ubavu kwa ubavu, hadi likatoka. Waandishi hawakuamini, akawaonyesha. Watu husimulia hilo kama ushujaa, lakini lina siri ya kiufundi: injini ya mipigo miwili haina oili kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Pindua ya mipigo minne, na oili inaweza kuingia kwenye silinda. Ukipiga stata kwa pupa unapinda koneksheni rodi, mkono unaoshika pistoni. Ya Saab ilikuwa na vitu vichache tu vya kumwagika, yaani tindikali ya betri na petroli kwenye mfuniko wa tangi. Kagua hivyo viwili kabla ya kugusa swichi.

Msaidizi wa Carlsson wa miaka hiyo, Gunnar Palm, alirudi 1972 na kushinda Safari akiwa na Hannu Mikkola kwenye Ford Escort RS1600. Hiyo ni mipigo minne. Usiibingirishe.