Nyekundu Iliyokolea Kwenye Ramani ya Majira ya Baridi Haimaanishi Joto Kali

Kila katikati ya Oktoba, watabiri wa NOAA, idara ya hali ya hewa na bahari ya Marekani, hutoa mwelekeo wa majira ya baridi ya Marekani kwa miezi ya Desemba hadi Februari, ukiwa na ramani ya rangi, na kila mara wateja wangu hunijia na kauli ile ile: "Jimbo letu limepakwa nyekundu iliyokolea, basi mwaka huu hakuna baridi." Nimeisikia mara nyingi mno, na hasa kutoka kwa watu wanaofanya maamuzi kwa niaba ya wengine.

Rangi ile haipimi joto, inapima uwezekano. Majira ya baridi ya kipindi cha 1991 hadi 2020 hugawanywa katika mafungu matatu sawa, yaani juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, na pasipo na dalili yoyote kila fungu hupewa theluthi moja. Dalili zinapoelemea upande mmoja, ndipo rangi hukolea. Eneo lililopewa asilimia 50 ya joto juu ya wastani hubakiwa na takriban asilimia 33 ya wastani na 17 ya baridi, maana yake nafasi moja kati ya sita kwamba msimu mzima utakuwa wa baridi kuliko kawaida. Msimamizi mmoja wa barabara alitaka kupunguza nusu ya chumvi ya kuyeyushia barafu kwa ramani ya namna hiyo. Nilimwandikia namba hizo tatu kwenye karatasi, nikamwomba anioneshe ni ipi iliyomruhusu.

Hata mwelekeo ukitimia, wastani wa siku 90 huficha mengi. Majira ya 2022 hadi 2023 yalikuwa ya joto Kaskazini Mashariki, lakini Krismasi ya 2022 dhoruba ya theluji iliua makumi ya watu Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio kando ya Ziwa Erie, na viunga vyake, kwa kuwa ziwa hilo lilikuwa bado halijaganda na upepo wa baridi ulizoa mvuke wake. Oktoba 2020 ramani ilielemea joto kwa Texas; tarehe 16 Februari 2021 Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hiyo nasisitiza: tumia mwelekeo kupanga bajeti, na kwa kulinda mabomba ya maji yasigande fuata utabiri wa siku saba.

Eneo jeupe kwenye ramani nalo halitabiri hali ya kawaida. Mafungu yote matatu yana nafasi sawa pale, kwa hiyo anayeishi humo ajiandae kwa lolote.

Wengine hudai La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki ya ikweta, huikausha California bila kukosa. Huielemeza tu upande wa ukame, hasa kusini. Majira yale yale ya 2022 hadi 2023 yalikuwa ya La Niña, na mito ya mvuke angani ikaishushia California mvua na theluji nyingi kupita kiasi.