Kinetiki ya adsopsheni na jinsi inavyopimwa

Adsopsheni ni hali ya molekuli za gesi kunata kwenye uso wa kitu kigumu. Zeolaiti 13X, kwa mfano, ambayo ni aina ya madini, ina vinyweleo vingi mno, na kuta za vinyweleo hivyo huinasa hewa ukaa kwa nguvu kuliko naitrojeni. Kinetiki ya adsopsheni ni kasi ya kunaswa huko.

Wengi huuliza gramu moja inabeba gesi kiasi gani, wakasahau kuuliza inajaa kwa muda gani. Mtambo wa kunasa hewa ukaa huenda kwa mizunguko: unanasa, unapashwa joto au kupunguziwa shinikizo ili gesi itoke, kisha unaanza upya. Kitu kinachobeba sana lakini kinajaa polepole hufikiwa na zamu ya kupashwa joto kikiwa bado na nafasi tupu.

Ndiyo maana umbo lina uzito mkubwa. Gesi inapopenya ndani ya chembe, muda hufuata mraba wa umbali: kipenyo kikiwa maradufu, muda huwa mara nne. Kwa hiyo zeolaiti hupakwa utando mwembamba kwenye kuta za monolithi, kipande chenye mifereji midogo iliyonyooka mithili ya sega la nyuki. Gesi hupita humo bila kupoteza shinikizo kubwa, na safari ya kupenya ni fupi.

Kupima kasi hiyo kuna njia nzuri sana iliyotolewa na watafiti Eić na Ruthven mwaka 1988, ya safu yenye urefu sifuri, yaani tabaka la sampuli jembamba mno. Miligramu chache za sampuli hushibishwa hewa ukaa iliyochanganywa na heliamu, kisha hupitishiwa ghafla heliamu tupu, huku kitambuzi kikifuatilia hewa ukaa inayotoka ikipungua. Jaribio hurudiwa kwa mtiririko wa kasi nyingine, na matokeo huchorwa kwa kufuata ujazo wa heliamu uliokwisha kupita. Grafu zikilaliana, kilichopimwa ni msawazo tu, yaani kiasi cha gesi ambacho sampuli hubeba. Kasi ya kupenya haijaonekana. Zikiachana, kasi husomwa kwenye mteremko wa mkia wa grafu.

Mtego mkubwa ni joto. Gesi ikinata hutoa joto, sampuli hupata moto, na sampuli ya moto hushika gesi kidogo. Anayetumia mizani huona uzito ukipanda polepole, akadhani vinyweleo vimebana, kumbe sampuli inasubiri kupoa. Sampuli ndogo ndani ya heliamu, gesi inayopitisha joto vizuri, hupunguza sana kosa hilo.