Je, wajua kwa nini Samsung ilipeleka barafu mbele ya mahakama ya Texas?

Marshall ni mji mdogo mashariki mwa Texas, karibu na mpaka wa Louisiana, wenye wakazi elfu ishirini na kitu. Ni nchi ya joto. Barafu ya huko ni ile ya kwenye glasi. Lakini kwa miaka kadhaa, Krismasi ilipokaribia, watoto wa Marshall walikuwa wakiteleza kwenye uwanja wa barafu uliowekwa mbele kabisa ya jengo la mahakama ya shirikisho, na jina la mdhamini lilisomeka waziwazi: Samsung. TiVo, watengenezaji wa vifaa vya kurekodi vipindi vya televisheni, wao walinunua maksai aliyeshinda kwenye maonyesho ya mifugo ya hapohapo.

Kampuni za elektroniki zina shughuli gani na maksai? Zina kesi. Baba wa mtoto anayeteleza leo anaweza kesho kuitwa akae kwenye juri, aamue nani kaiba uvumbuzi wa nani.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na serikali, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu alipopeleka maombi, ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichobuni. Akiingiliwa, anashtaki. Swali ni ashtaki wapi. Mwaka 1990 mahakama ya rufani inayosikiliza kesi za hataza Marekani ilitafsiri sheria kwa namna ambayo kampuni iliweza kushtakiwa karibu popote bidhaa zake zinapouzwa. Simu inauzwa kila mahali, basi mdai akawa na nchi nzima ya kuchagua.

Wengi wakachagua Marshall. Jaji T. John Ward, aliyeingia kazini mwaka 1999, aliweka ratiba kali isiyoruhusu mawakili kuburuza miguu, na haikuwa rahisi kwa mdaiwa kuifuta kesi kabla haijafika kwenye juri. Kwa kampuni kubwa, kasi hiyo ilikuwa gharama tupu. Kwa yule asiyetengeneza chochote, aliyenunua hataza ili adai fidia tu, ilikuwa neema: Wamarekani wamembandika jina la lile zimwi la hekaya linalokaa chini ya daraja na kutoza kila anayevuka. Kampuni za aina hiyo zilipanga vyumba vya ofisi Marshall na miji jirani, jina mlangoni, ndani hamna mtu. Mwaka 2015 wilaya ya mahakama ya mashariki mwa Texas, ambamo Marshall imo, ilipokea zaidi ya kesi 2,500 za hataza, zaidi ya asilimia 40 ya kesi zote za Marekani, na nyingi ziliangukia meza ya jaji mmoja, Rodney Gilstrap.

Bunge lilikuwa limeshajaribu kurekebisha mambo. Sheria iliyotiwa saini na Obama tarehe 16 Septemba 2011 ndiyo iliyoleta kanuni kwamba hataza ni ya anayewahi kupeleka maombi, si anayedai kuwa alibuni mwanzo. Pia iliunda baraza ndani ya Ofisi ya Hataza, ambako mdaiwa anaweza kuomba hataza ibatilishwe kwa gharama ndogo kuliko ya mahakama. Na ilikataza kurundika kampuni chungu nzima zisizohusiana kwenye shauri moja. Matokeo yake yanachekesha: shauri moja likawa ishirini, hesabu ikapanda. Muswada mwingine ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2013 kwa kura 325 dhidi ya 91, ukafia Seneti.

Aliyefunga mlango ni Mahakama ya Juu, tarehe 22 Mei 2017, na kesi yenyewe haikuhusu Texas hata kidogo: Kraft ilikuwa imeishtaki huko Delaware kampuni ya Indiana, TC Heartland, kwa ajili ya vionjo vya kutia kwenye maji ya kunywa. Majaji wakasema kampuni ishtakiwe ilikosajiliwa, au pale ilipokiuka hataza na ina kituo halisi cha biashara. Mwaka 2019 Apple ikafunga maduka yake mawili, Plano na Frisco, yote ndani ya wilaya ile, na kufungua jingine Dallas, nje kidogo ya mpaka.

Kesi hazikuisha, zilihama. Waco, mji wa Texas ulio magharibi, nje ya wilaya hiyo, jaji mpya Alan Albright alizikaribisha kwa mikono miwili hadi Julai 2022, mkuu wake alipoamuru zigawiwe kwa bahati nasibu miongoni mwa majaji 12. Zikarudi Marshall.

Na Samsung? Ina ofisi Plano, kwa hiyo bado inashtakika huko. Aprili 2023 juri ya Marshall iliamua iilipe kampuni ya Netlist zaidi ya dola milioni 303 kwa hataza za kumbukumbu za kompyuta. Samsung ikakimbilia lile baraza la Ofisi ya Hataza, ambalo lilibatilisha hataza kadhaa zilizohusika. Ni njia hiyohiyo ambayo muswada wa PREVAIL, uliopelekwa bungeni mwaka huohuo wa 2023, ulitaka kuibana: mdaiwa achague moja, baraza au mahakama, na akichagua baraza alete ushahidi mzito zaidi ya ule unaotosha sasa.