Feni ya hita inapofanya kazi kwenye namba ya mwisho tu: dhana potofu na ukweli

Kati ya hitilafu za umeme wa gari, hii ya feni ya hita ni mojawapo ya zile ambazo mwenye gari anaweza kuzitengeneza nyumbani kwa bisibisi na mita ya umeme. Ni hiyohiyo pia ambayo watu huitengeneza vibaya mpaka ikawa hatari. Rezista au moduli ya feni ni kifaa kidogo kinachorekebisha kasi ya feni, mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili na plagi moja, kimechomekwa kwenye njia ya hewa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Kukitoa si shida. Shida ni kujua kwa nini kiliungua, na hapo ndipo maneno ya mitaani yanapopotosha.

"Inafanya kazi kwenye namba 4 tu, basi mota imechoka"

Mota iliyochoka kwa kawaida huchoka kwenye namba zote. Kwenye gari lenye swichi ya namba, kasi hupunguzwa na rezista zilizopangwa mfululizo: ukiweka namba 1 umeme unapita kwenye zote, namba 2 unaruka moja, na kuendelea hivyo mpaka namba ya mwisho ambapo umeme unakwenda kwenye mota bila kugusa rezista hata moja. Kwa hiyo rezista ikikatika, au ikikatika fyuzi ya joto (inayokata umeme joto likizidi) iliyofungwa pamoja nayo, namba za chini hufa na ya mwisho hubaki hai. Ukiona dalili hiyo, anza kutafuta kwenye rezista.

Magari yenye kiyoyozi kinachojirekebisha chenyewe yana moduli badala ya rezista: transista (kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti umeme) iliyokaa kwenye mapezi ya alumini, ikipokea amri kutoka kwenye paneli ya dashibodi. Dalili zake ni za namna nyingine. Feni inaweza kunyamaza kabisa, kubadilisha kasi ovyo, au kuendelea kuzunguka baada ya kuzima gari na kutoa ufunguo, ukaamka betri imekwisha.

Feni ikiwa kimya kabisa, usinunue chochote bado. Kagua fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha chomoa plagi ya mota na uipe mota volti 12 kutoka kwenye betri kwa nyaya zenye fyuzi yake. Hii ni kwa mota ya nyaya mbili, si ile iliyojengwa pamoja na moduli yake. Ikizunguka kwa nguvu na bila kelele, tatizo liko kabla yake.

"Moduli imeungua, weka mpya, kazi imekwisha"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, kwa sababu mara nyingi moduli huuawa na kitu kingine. Anayebadilisha moduli bila kumtafuta muuaji atarudi kuinunua tena.

Mshukiwa wa kwanza ni mota. Mota inapozunguka huzalisha volti zinazopingana na zile za betri, na ndizo zinazozuia umeme usipite kwa wingi. Bushi zinazoshika mhimili wa mota zikikauka, au jani likikwama kwenye gurudumu la feni, mota inakwenda polepole, upinzani ule unapungua, na ampea zinapanda. Zote hizo zinapita kwenye rezista au moduli yako mpya. Ukiwa umeshafungua droo, ingiza kidole uzungushe gurudumu la feni. Linatakiwa liende kidogo lenyewe baada ya kuachiwa. Likisimama papo hapo, likikwaruza au likilia, mota nayo inahitaji kubadilishwa. Kipimo bora zaidi ni mita ya kubana waya, iliyo na uwezo wa kusoma umeme wa betri. Mota nyingi za magari madogo kwenye kasi ya juu huvuta kati ya ampea 10 na 25, na fyuzi yake mara nyingi ni ya 30 au 40. Feni inayovuta ampea zinazokaribia ukubwa wa fyuzi yake, au ambayo usomaji wake hautulii, inakuambia kitu.

Mshukiwa wa pili ni plagi yenyewe, na naomba uiangalie kwa makini kwenye mwanga mzuri. Tafuta pini iliyogeuka rangi ya kahawia, plastiki iliyolegea au kuvimba, waya ambao ganda lake limekauka karibu na mwisho. Pini iliyopata joto hupoteza mbano wake, na mguso uliolegea huongeza ukinzani. Ukinzani wa ohmu 0.1 tu, wakati zinapita ampea 15, unazalisha wati 22.5 ndani ya kijipande cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole. Moduli mpya ukiichomeka kwenye plagi ya namna hiyo, nayo itaungua pinini. Plagi zenye vipande vya waya huuzwa peke yake. Kata ile ya zamani mpaka ufikie shaba inayong'aa, kisha unganisha kwa viungo vya kubana vyenye unene sahihi.

Mshukiwa wa tatu ni maji. Chini ya kioo cha mbele kuna mifereji ya kutolea maji ya mvua, na ikizibwa na majani maji hutafuta njia, na njia ya karibu ni tundu la kuingizia hewa ya feni. Ukikuta kutu ya kijani kwenye pini au michirizi ya chokaa kwenye mapezi ya alumini, safisha mifereji kabla ya kufunga kifaa kipya.

"Fyuzi ya joto ikikatika, unganisha kwa waya tu"

Tafadhali usifanye hivi. Rezista ya feni kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto. Ikiwa zinapita ampea 5 na volti 8 zinabaki kwenye rezista, hizo ni wati 40, joto la pasi ya kulehemu, na linazalishwa ndani ya boksi la plastiki. Kinachoiokoa ni hewa ya feni inayopita juu yake. Feni ikikwama huku swichi ikiwa imewashwa, upepo hakuna, lakini umeme unaendelea kupita na joto linapanda. Fyuzi ya joto imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Mfano upo, tena mkubwa. Mwaka 2015 kampuni ya Vauxhall nchini Uingereza iliita zaidi ya magari 200,000 ya Zafira B yarudi kukaguliwa baada ya kadhaa kuwaka moto. Yalikuwa yale yasiyo na kiyoyozi cha kujirekebisha, na uchunguzi wa kampuni ulielekeza kwenye rezista za feni ambazo fyuzi zake za joto zilikuwa zimefanyiwa matengenezo yasiyofaa. Mwaka 2016 magari hayo yakaitwa tena, kwa kuwa hata baadhi ya yaliyokwisha kurekebishwa yaliwaka. Mwaka 2017 BMW nayo iliita Marekani magari ya 3 Series ya kati ya 2006 na 2011, karibu 670,000, kwa sababu nyaya na plagi za mfumo wa hita na kiyoyozi ziliweza kupata joto kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, ulizia kwa namba ya chasi kama gari lako lina wito wa namna hii ambao haujashughulikiwa. Ukiwepo, kazi hiyo hufanywa bure.

Kuongeza ukubwa wa fyuzi kwenye boksi ni kosa la aina ileile. Fyuzi huchaguliwa kulingana na unene wa waya. Ukitoa ya 30 ukaweka ya 50, kitakachokatika kwanza kinaweza kuwa waya ulio nyuma ya dashibodi.

"Filta chafu inaifanya mota ivute umeme mwingi"

Watu wengi, hata mafundi wazuri, wanaamini hivi. Feni ya hita ni ya aina ya ngoma: hewa inaingia katikati na kutoka pembeni. Feni ya aina hiyo ikizibwa, inasukuma hewa kidogo, mzigo unapungua, na ampea zinashuka. Unaweza kulisikia hilo: ziba njia ya hewa na mlio wa feni unapanda. Lakini usifurahie, kwa sababu upepo uliopungua ndio uliokuwa unapoza rezista au moduli. Filta chafu inaiua moduli kwa kuinyima upepo. Ibadilishe siku hiyohiyo unayobadilisha moduli.

Hapohapo kuna onyo kwa wanaojaribu kifaa kipya kikiwa kinaning'inia nje. Usikiache kikifanya kazi hivyo, kiko nje ya upepo wake. Kifunge mahali pake kwanza.

"Lazima umwage maji ya rejeta na gesi ya kiyoyozi"

Hapana. Rezista na moduli hazihusiki na maji ya rejeta wala gesi ya kiyoyozi.

"Hewa haina joto, kwa hiyo ni moduli"

Moduli inahusika na kasi ya upepo peke yake. Upepo ukiwa mzuri lakini baridi, angalia kiwango cha maji ya rejeta, thamostati, rejeta ndogo ya hita iliyoziba, au mlango wa kuchanganya hewa.

"Plagi ikiingia, basi ndiyo yenyewe"

Plagi zinafanana kwenye magari mengi, lakini ohmu za ndani hutofautiana, na moduli moja inaweza kusubiri volti wakati nyingine inasubiri mapigo ya umeme. Linganisha namba iliyochapwa kwenye kifaa cha zamani. Suala la kompyuta nalo limekuzwa: moduli ya kawaida ina umeme, ethi na waya wa amri, na haihitaji kuprogramiwa. Magari mapya ambayo feni yake inawasiliana kwa waya wa data ndiyo yanayodai namba ya kifaa ilingane kabisa.

"Betri iache tu, ni skrubu mbili"

Vipimo vyote vya umeme vifanye betri ikiwa imeunganishwa. Ukishamaliza kupima, kabla ya kutoa kipande chochote cha dashibodi, fungua waya hasi wa betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida ni dakika chache. Juu ya droo ya abiria kuna mfuko wa hewa wa usalama. Plagi za njano usizichomoe wala usizipime kwa mita. Kabla ya kufungua betri hakikisha una kodi ya redio kama gari lako linaidai, na ujue kwamba vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kufundishwa upya.

Wakati wa kutoa kifaa, bonyeza kifungio cha plagi na uvute kwa ganda lake, si kwa nyaya. Ikiwa imeng'ang'ania, kuna uwezekano mkubwa imeyeyuka. Baada ya kufunga, jaribu namba zote, kisha iache feni kwenye kasi ya kati kwa dakika kumi, kwa sababu moduli nyingi za transista hupata joto zaidi katikati kuliko kwenye kasi ya juu. Shika plagi na nyaya kwa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuvumilia kuishika, zima, rudi kwenye mota na pini, upime tena.