Kalenda ya kigango cha mwaloni ipangwe kwa kuangalia mwezi

Kila mwaka viongozi wa vigango, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, wananiuliza swali lilelile, mbona Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, upande wa wanaume mabenchi yako wazi halafu ikifika Alhamisi Kuu vijana wamejaa mpaka nje, na wapo wanaomalizia kwa kusema basi wavuvi ni wakristo wa sikukuu. Mimi ni katekista wa huku Ziwa Victoria, nahudumia mialo ya dagaa, yaani fukwe ambako mitumbwi inatia nanga na wavuvi wanaweka kambi, na hiyo kauli naikataa kabisa. Hawa watu wanasali sana. Tatizo ni kwamba sisi tunapanga ratiba kwa kuangalia kalenda ya ukutani, wao wanaishi kwa mwezi wa angani.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mwaloni nieleze kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wamehamia taa za sola, taa inawekwa ielee juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga wanakusanyika ndo wavu unawazunguka. Sasa mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa zima linakuwa jeupe, dagaa wanatawanyika, hawaji kwenye taa, utachoma mafuta ya mashine bure. Kwa hiyo mbalamwezi mitumbwi inapandishwa mchangani, wiki hivi, kwingine mpaka siku kumi, watu wanashona nyavu na kuziba mitumbwi kwa pamba, na kambi nyingi hesabu inapigwa hapo, kila mtu anapata mgao wake. Giza likirudi wote wanarudi majini. Wa sangara na sato hawafungwi sana na mwezi kama hawa, ila kwenye mwalo wa dagaa mwezi ndo unaamua nani yupo nchi kavu.

Haya, tuje kanisani. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, utaratibu ambao mizizi yake ni Mtaguso wa Nisea mwaka 325, na nyuma yake kuna Pasaka ya Wayahudi ambayo kwenye Kutoka sura ya 12 mwanakondoo anachinjwa siku ya 14 ya mwezi, maana yake mwezi ukiwa umejaa. Yaani usiku ule Bwana anakamatwa bustanini kulikuwa na mbalamwezi. Ukilisema hili mbele ya wavuvi wanaelewa kabla hujamaliza sentensi, kwa sababu wao wanajua usiku wa aina hiyo ukoje, kila mtu yuko nyumbani, hakuna aliyeko kazini, ndo usiku wa watu kukaa pamoja na kula.

Kwa hiyo Juma Kuu linaangukia karibu na mbalamwezi kila mwaka bila kukosa. Sasa toka Pasaka rudi nyuma siku 46 mpaka Jumatano ya Majivu. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, hizo 46 ni kama mzunguko mmoja na nusu hivi, na ukitoka kwenye mwezi mpevu ukarudi nyuma mzunguko mmoja na nusu unatua wapi? Gizani. Mwaka huu 2026 Majivu ilikuwa 18 Februari na mwezi mpya ulikuwa umezaliwa jana yake tu, giza totoro, wanaume wote wako majini. Pasaka ikawa 5 Aprili na mwezi ulijaa tarehe 2, Alhamisi Kuu yenyewe. Angalia mwaka wowote utaona hivohivo. Kwa hiyo ukimsema kijana kwamba hakuja Majivu ila Pasaka kaja, unamlaumu kwa jambo ambalo liko kwenye hesabu ya Kanisa lenyewe.

Suluhisho la Majivu ni saa. Wakati wa giza mtumbwi unaondoka jioni kwenye saa kumi na moja, unarudi asubuhi, halafu kuna kupakua na kuuza, na akina mama waanikaji wanamwaga dagaa mchangani na kwenye chanja jua likianza kuwaka tu, hao nao asubuhi huwapati. Mvuvi analala mpaka mchana. Ukiweka ibada saa kumi na mbili asubuhi kama parokiani mjini umewafungia mlango wote. Weka saa tisa alasiri, fupi, somo na mahubiri mafupi, watu wapakwe majivu waende wakaandae taa. Padri hawezi kufika kila kigango siku hiyo lakini majivu akishayabariki katekista anaruhusiwa kupaka, kwa hiyo fuata majivu parokiani mapema, yafunge vizuri kwenye mfuko usiopitisha maji maana safari ya mtumbwi na mawimbi ya Februari unayajua. Mimi nimempaka kijana majivu amebeba betri ya taa begani, akainamisha kichwa hivo hivo bila kuishusha, akaondoka. Huyo utasema hana imani?

Na Pasaka nayo msibweteke. Kuna miaka mwezi unajaa mwanzoni mwa juma halafu Pasaka inakuja siku sita saba baadaye, kama 2025 mwezi ulijaa 13 Aprili na Pasaka ikawa tarehe 20, na 2027 inakuja hivohivo, mwezi mpevu 22 Machi, Pasaka 28. Hapo Jumamosi Kuu mwezi unachomoza usiku sana, saa za kwanza za usiku ni giza tayari, na tajiri mwenye mitumbwi anaona kuna usiku wa kazi unapotea. Mkesha wa Pasaka hauwezi kuanza kabla giza halijaingia, ndo sheria yake, na huku Mwanza jua linazama kwenye saa moja kasoro, kwa hiyo moto mpya wa kufungulia mkesha unawashwa saa moja na nusu hivi, muda ambao mitumbwi imeshaondoka. Hamna ujanja hapo zaidi ya kuongea na matajiri na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, mapema, wiki mbili tatu kabla, muombe mitumbwi ilale Alhamisi mpaka Jumapili. Wengi ni waelewa ukiwafuata kwa heshima, hata ambao si wakristo, ila usiende Ijumaa Kuu jioni kumwambia mtu afunge kazi yake.

Moto mpya wenyewe uwashwe upande usio na upepo wa ziwa, na mishumaa ya waumini kata chupa za maji za plastiki uzipachike kama kinga, bila hivo ule wito wa "Mwanga wa Kristo" unaoimbwa mara tatu tukiingia kanisani, ukifika wa tatu mishumaa yote imezimika.

Michango pia ifuate mwezi. Zaka ikusanywe giza linapoisha wakati mgao umetoka, siyo katikati ya giza wakati mtu anakula kwa mkopo kambini. Na katekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, wapangiwe vipindi virefu mbalamwezi, vifupi gizani. Jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976 zinategemea majirani wanaofahamiana, na mwaloni jirani yako wa leo giza lijalo yuko kisiwa kingine, kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya awe mtu asiyehama, mara nyingi mama muanikaji, na kila anayehama apewe barua ya utambulisho kabla hajapanda mtumbwi.

Krismasi ndo haina mwezi wake maana tarehe haibadiliki. 2024 na 2025 iliangukia giza, 2023 ilikuwa mbalamwezi. Mwaka huu mwezi unajaa 24 Desemba, kwa hiyo usiku wa mkesha kila mtu yuko nchi kavu na mgao mfukoni, na baa zinalijua hilo kama sisi. Kwaya ianze mazoezi mbalamwezi ya Oktoba, na maombi ya padri yapelekwe parokiani sasa hivi kwa sababu vigango vyote vya ziwani vitamuhitaji usiku huo huo.