Kujitolea kuwasaidia masomo wanafunzi wa kidato cha 1 na cha 2: yanayosemwa na ukweli wake

Inasemwa: ni tuisheni ya bure tu.

Siyo. Somo mwanafunzi ameshafundishwa asubuhi. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye aone hatua anayokosea. Mpe −3 − 5. Wengi wataandika 8, kwa sababu wamekariri kwamba "hasi na hasi ni chanya", kanuni ambayo ni ya kuzidisha na kugawanya. Ukimwandikia −8 kwenye daftari atanakili, na wiki ijayo atakosea vilevile. Muulize amepataje, umwache amalize kusema. Kisha chora mstari wa namba sakafuni kwa chaki, asimame kwenye −3 na arudi nyuma hatua 5. Akishaona alipofika, mpe −4 − 2 na 6 − 9 bila mstari.

Kwenye hesabu za sehemu nako kosa linajulikana: ½ + ⅓ anaandika 2/5, kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kabla ya kumtajia kigawe kidogo cha shirika, muulize: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Iweje uongeze kitu kwenye nusu, upate pungufu ya nusu? Hapo ndipo anapoanza kufikiri mwenyewe.

Kazi ya namna hii haiwezekani na watoto 20. Kundi lisizidi 6, saa moja, mara mbili kwa wiki. Shahada ya ualimu si lazima, ila hesabu zote utakazowapa zifanye kwanza nyumbani.

Inasemwa: anayefeli hana kichwa cha hesabu.

Wengi wao wamesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Kabla hajashika kalamu, mwambie asome swali na aeleze kwa Kiswahili linataka nini. Akieleza vizuri kisha akakosa, shida ni hesabu. Akishindwa kueleza, shida ni lugha, na kumrundikia mazoezi ya hesabu ni kumchosha bure. Aelewe kwa Kiswahili, jibu aliandike kwa Kiingereza, maana mtihani utamtaka hivyo. Mifano nayo iwe ya vitu anavyovijua: mada ya kemia ya kutenganisha michanganyiko ianzie kwenye mashamba ya chumvi kwa mtoto wa pwani. Wa Newala, wilaya ya Mtwara iliyo mbali na bahari, ambaye huenda hajayaona, achemshe maji ya chumvi kwenye sufuria mpaka yakauke.

Inasemwa: anayeacha kuja Oktoba ni mtoro.

Huku kwetu kusini huo ni msimu wa korosho. Kuokota korosho na kuzitenganisha na mabibo yake ni kazi ya nyumba nzima, na upimaji wa kidato cha pili nao unaangukia mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo anza Januari, mada nzito zimalizike kabla ya Septemba. Msimu ukifika, kaa na mzazi mkubaliane siku moja ya wiki ambayo mtoto haendi shambani. Mzazi akifuatwa kwa heshima husikiliza. Akitumiwa lawama kupitia mtoto, mtoto ndiye anayeumia.

Inasemwa: nia njema inatosha.

Haitoshi hata kidogo, na hapa hatulegezi. Peleka barua kwa mkuu wa shule, na ofisi ya mtaa au kijiji ikutambue. Watu wazima wawe wawili, mlango na madirisha wazi, na eneo liwe la shule, si nyumbani kwako. Usimtumie mwanafunzi ujumbe wa simu. Pitia kwa mzazi au mwalimu. Usipokee fedha, hata mia ya chaki, kwani asiye nayo ndiye atakayeacha kuja.

Funga saa 11 jioni. Kwetu iko miezi ambayo jua huzama muda mfupi tu baada ya saa 12, na wako mabinti wanaotembea zaidi ya nusu saa kufika kwao.