Je, rangi nzito huua kutu kwenye sanduku la spana?

Wengi huamini kuwa sanduku la spana lililoshika kutu likipakwa rangi ya mafuta nzito, mikono miwili mitatu, kutu hufa humohumo kwa kukosa hewa. Dhana hiyo ina mantiki yake: rangi kweli hukinga chuma dhidi ya maji na hewa, na mwanzoni sanduku hung'aa kama jipya.

Tatizo ni kutu yenyewe. Ina vitundu vidogo vidogo vinavyoshika unyevu na, kwa watu wa pwani, chumvi pia. Ukiifunika, umevifungia vyote ndani. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huinua rangi. Ndiyo yale malengelenge ya kwenye bawaba na kona za chini.

Pesa kidogo uliyonayo anza nayo kwenye brashi ya waya na msasa, namba 80 kisha 120. Futa grisi kwa thina, paka praima ya chuma, halafu rangi mikono miwili myembamba. Kama rangi ya zamani ni ya miaka mingi, huenda ina madini ya risasi: sugua ikiwa imelowa, na vaa barakoa.

Ukitaka kuhakikisha, tumia upande wa ndani wa kifuniko. Nusu isugue, nusu iache na kutu yake, paka zote. Rangi ikikauka kabisa, bandika selotepu kila upande, uivute ghafla, kisha tazama imeng'oka na nini.